Mwiba wa Samaki na Joko la Vallauris

Siku moja mwaka 1957, katika nyumba iliyoitwa La Californie mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, Pablo Picasso alikuwa mezani anakula samaki. Mpiga picha Mmarekani David Douglas Duncan, aliyejipatia jina kwa picha zake za vita, alikuwa karibu naye na kamera mkononi. Mzee huyo wa miaka 75 alimla samaki wake taratibu. Alipomaliza minofu aliuinua uti wa mgongo kwa mikono miwili, ukiwa na miiba yake yote, akaufyonza mpaka ukawa mweupe pe. Hakuutupa. Aliukandamiza kwenye udongo mbichi wa mfinyanzi, akaubandua polepole, na ndani ya udongo ikabaki alama yake, mwiba kwa mwiba, kama unyayo kwenye mchanga ambao maji yametoka kuuacha. Alama hiyo ikawa pambo la sahani, na sahani ikaenda jokoni.

Wengi wanamjua Picasso kwa mchoro wa Guernica, au kwa nyuso zenye macho mawili upande mmoja. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya uzee wake, kwa zaidi ya miaka 20, aliitumia kwenye udongo, na kwamba kupitia udongo huo mistari yake ilifika kwenye sebule za watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la makumbusho. Ilifika ndani ya visahani vya majivu ya sigara, magudulia yenye sura ya bundi, na sahani za samaki zilizofungwa kwa karatasi za magazeti na kupakiwa garini na watalii waliokuwa wakirudi makwao.

Udongo huo ulichomwa Vallauris, mji mdogo ulio juu kidogo ya Golfe-Juan, si mbali na Cannes. Tauni ya karne ya 14 iliuacha mji huo mtupu. Mwaka 1501 watawa wa Lérins, waliokuwa na mamlaka juu ya ardhi hiyo, walileta familia 70 kutoka Liguria, upande wa Genoa, kuja kuufufua. Miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi, nao walikuta udongo unaostahimili moto na misonobari ya kuchochea majoko. Vallauris ikawa mji wa vyungu: vyungu vya mchuzi, vikaango vya udongo vyenye mpini, mitungi, vyote vikipakwa ndani utando wa madini ya risasi uliong'aa kama kioo. Mwishoni mwa karne ya 19 ukoo wa Massier, hasa Clément Massier, ulitengeneza vyombo vya urembo vyenye mng'ao kama wa shaba na dhahabu, vikapata sifa hadi Paris. Lakini tegemeo la mji lilikuwa jikoni, na pigo nalo lilitoka jikoni. Sufuria ya alumini ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ikidondoka, na haikuhitaji kubembelezwa juu ya moto. Katika miaka ya kati ya vita viwili vikuu, joko moja baada ya jingine lilipoa.

Georges na Suzanne Ramié walikuwa na karakana katika mji huo tangu mwaka 1938. Jina lake, Madoura, walilisuka kutokana na vipande vitatu: maison, yaani nyumba, Douly, jina la ukoo wa Suzanne kabla ya kuolewa, na Ramié. Kiangazi cha 1946 Picasso alikuwa anakaa Golfe-Juan pamoja na mchoraji Françoise Gilot. Walipanda Vallauris kutazama maonyesho ya mwaka ya wafinyanzi, wakakutana na akina Ramié, naye Picasso akakaribishwa ajaribu udongo. Alifinyanga vitu vidogo vichache, akaviacha, akaenda zake. Mwaka uliofuata alirudi na kuvikuta vimechomwa na kutunzwa. Safari hii alikuja na michoro tele ya vyombo alivyokuwa amevifikiria tangu aondoke. Alitengewa nafasi yake karakanani, akaanza kazi ambayo hakuiacha mpaka mwaka 1971.

Hapa hana budi kutajwa mtu ambaye masimulizi mengi humpita haraka: Jules Agard. Agard ndiye aliyekaa kwenye gurudumu. Kuinua ukuta wa mtungi kwa vidole huku udongo unazunguka ni ujuzi unaodai miaka mingi, na Agard alikuwa nao. Yeye alitoa mtungi, Picasso akasubiri upungue maji. Kuna muda mfupi sana wa kuuchezea mtungi mbichi: ukiwa umelowa utanywea, ukikauka kupita kiasi utapasuka. Katika muda huo Picasso aliishika shingo ya chupa, akaikunja, akabonyeza tumbo lake, na chupa ikawa njiwa aliyejikunyata. Nyingine ndefu aliibana katikati, ikawa mwanamke amesimama, kiuno chembamba, kitambaa kikining'inia kwenye nyonga. Mtungi wenye vishikio viwili uligeuka kuwa mtu aliyeshika kiuno. Jagi likawa bundi, na bundi huyo alikuwa na asili yake: mwaka 1946, Picasso alipokuwa akichora katika ngome ya Grimaldi huko Antibes, aliokotewa bundi aliyejeruhiwa, akamfuga, na kuanzia hapo ndege huyo hakutoka tena kwenye kazi zake.

Georges Ramié alisema kwamba mwanafunzi wa ufinyanzi ambaye angefanya kazi kama Picasso asingepata ajira. Alisema kweli. Picasso alikwaruza rangi kwa kisu, akachora kwa nta ili rangi ishike hapa na kukataa pale, akachanganya vitu ambavyo mafundi walikatazwa tangu utotoni kuvichanganya. Na alilazimika kujifunza subira ya namna nyingine. Mchoraji wa turubai anaiona rangi anayoipaka. Mfinyanzi hupaka uji wa kijivu akitumaini kwamba moto utatoa buluu, na akikosea hajui mpaka joko lifunguliwe.

Kisha kuna vigae. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na Vallauris, mji uliolipatia jiko la Mfaransa vyungu kwa karne kadhaa, ulikuwa na marundo ya vyungu vilivyovunjika. Picasso aliokota. Chukua gae moja la chungu cha kupikia: limejikunja kama ganda, ukingo wake umemeguka ovyo. Hakulinyoosha wala hakulichonga. Aliuacha mviringo wake uwe shavu, akauacha mmeguko uwe upande wa nywele, akapaka macho, pua na mdomo kwa mistari isiyozidi kumi, na gae likawa mtu anayekutazama. Aliokota pia vipande vya makasha ya udongo ambayo wafinyanzi huyatumia kukinga vyombo vyao jokoni, na vigae vya pembe sita vya kusakafia jiko. Hivyo vyote vilikuwa takataka za kazi ya mikono ya watu wengine, naye alizichukua kwa heshima bila kuficha zilikotoka.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuupenda udongo. Mwaka 1944 alikuwa amejiunga na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, na wakati huo michoro yake ilikuwa tayari na bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuweza hata kuiota. Chombo cha udongo kingeweza kurudiwa. Inasimuliwa kwamba alitamani magudulia yake yauzwe katika masoko ya kawaida, ili siku moja mwanamke wa kijiji fulani huko Bretagne aonekane akienda kisimani nalo. Na André Malraux alisimulia kwamba Picasso alimwambia, kwa fahari ya dhahiri, kuwa alikuwa ametengeneza sahani ambazo mtu anaweza kulia chakula.

Akakubaliana na akina Ramié kutoa nakala. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, mafundi wa Madoura walikinakili chombo chake kwa mkono, umbo kwa umbo na mpigo wa burashi kwa mpigo wa burashi. Ya pili, yeye alichonga mchoro kwenye bamba la jasi gumu, na udongo mbichi ukakandamizwa juu yake ili ubebe alama, kama mwiba wa samaki ulivyofanya. Kati ya 1947 na 1971 zilitolewa aina 633, nyingine kwa nakala 25 tu, nyingine kufikia 500, kila moja ikigongwa muhuri wa Madoura chini yake. Kunakili mstari wa Picasso si kazi ndogo. Mstari wake ni wa haraka. Anayeunakili polepole kwa woga atauua. Mafundi wale walilazimika kuusoma mwendo wa mkono wake hadi waweze kuurudia bila kusita, mara 100, mara 300, na sahani ya mwisho ionekane imechorwa asubuhi hiyo hiyo.

Novemba 1948 vyombo 149 vilionyeshwa Paris. Wapo waliovifurahia, wapo walioona mzee amekwenda kucheza na matope. Vallauris haikuwa na shaka. Mwaka 1950 mji ulimfanya raia wake wa heshima, naye akaupa sanamu ya shaba ya mwanamume aliyebeba kondoo, ikasimikwa kwenye uwanja wa soko, mahali ambapo watoto wanaweza kuipanda. Kwa miaka mingi alichora tangazo la maonyesho ya wafinyanzi, likachapwa hapo hapo mjini na mchapaji Hidalgo Arnéra. Hakuna chama cha wafinyanzi duniani kilichowahi kuwa na mchora matangazo wa namna hiyo.

Mafundi vijana walimiminika. Roger Capron na Robert Picault walikuwa wameshafungua karakana yao mwaka 1946, na kazi ya Capron, yenye ndege, majua na wanawake waliochorwa kwa mistari michache, ilikua mpaka ikawa kiwanda chenye wafanyakazi zaidi ya 100. Marc Chagall alikuja kufanya kazi Madoura. Na nyuma ya wasanii wakaja watalii. Wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa wamepata likizo ya malipo tangu 1936, tamasha la filamu la Cannes lilikuwa limeanza mwaka 1946, na kila mwaka magari yaliongezeka barabarani. Aliyefika pwani hiyo alitaka kurudi na kitu. Aliyepanda Vallauris alitaka kuwaambia majirani kwamba amekinunua mji alikokuwa Picasso.

Mji ulimtimizia. Barabara yake kuu ilijaa maduka kutoka juu hadi chini. Ndani mlikuwa na sahani zenye kamba-mti waliojitokeza juu, taa za kombe la baharini, vyombo vyekundu na vyeusi vilivyomwagiwa utando mweupe unaochemka kama povu la bahari, majagi ya kuku, vijaluba vya peremende, mafahali, njiwa, jua lenye macho na nyusi. Baadhi ya vitu hivyo vilikuwa mbali kabisa na Picasso. Nyenje wa udongo wa kutundika ukutani, kwa mfano, alibuniwa na Louis Sicard wa Aubagne mwaka 1895, na aliuzwa Provence kabla Picasso hajajulikana kwa lolote. Vingine viliubeba mkono wake waziwazi: fahali wa mistari mitano, uso wa upande na wa mbele kwa pamoja, samaki aliyebaki miiba.

Wajerumani wana neno, kitsch, lililoenea katika lugha nyingi; tuliite kichi. Ni kitu cha urembo kinachotolewa kwa wingi, chenye rangi kali, kinachomvutia mnunuzi papo hapo bila kumdai kitu isipokuwa pesa kidogo. Mwaka 1939 mhakiki wa Marekani Clement Greenberg aliandika insha mashuhuri iliyojenga ukuta kati ya kichi na sanaa ya kisasa. Upande mmoja wa ukuta alimweka mkulima wa Kirusi anayependa picha zinazoeleweka mara moja. Upande wa pili, kama mfano wa sanaa isiyoweza kuliwa kirahisi hivyo, alimweka Picasso. Miaka minane baadaye Picasso huyo huyo alikuwa karakanani Vallauris akichora samaki kwenye sahani ili wauzwe kwa watu wa kawaida.

Ukuta wa Greenberg haukuhimili moto wa joko. Wahakiki waliocheka maduka ya Vallauris walisahau kwamba mafundi wa maduka hayo walikuwa wamefanya kile ambacho wafinyanzi hufanya siku zote: kuona umbo zuri kwa jirani, kulichukua, kulirahisisha, na kulirudia mpaka liwe la mji mzima. Wengi walilirudia vibaya. Fahali wao alivimba, jua lao likawa na tabasamu la peremende. Lakini mama wa Lyon aliyetundika sahani ya namna hiyo juu ya jiko lake alikuwa amekubali kwamba uso unaweza kuwa na jicho moja mbele na jingine ubavuni, na bado ukawa mzuri. Mihadhara mingi ilishindwa kumfikisha hapo.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Uingereza, hamu ya vyombo vya namna hiyo ilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa na sababu yake. Kuanzia mwaka 1942 serikali ilipiga marufuku vyombo vilivyopambwa kuuzwa ndani ya nchi. Vyenye maua na rangi vilikuwa vya kuuzwa nje ili kupata fedha za kigeni. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1952. Miaka kumi ya kulia vyakula vya mgao kwenye sahani nyeupe tupu! Katikati ya ukame huo, mwaka 1950, London ilipata maonyesho yaliyoitwa Picasso in Provence, na vyombo vya Vallauris vilikuwamo.

Wafinyanzi vijana watatu, William Newland, Margaret Hine na Nicholas Vergette, walijitosa katika njia hiyo: mafahali, wanawake wa udongo, rangi juu ya utando mweupe. Kazi zao zilipamba migahawa mipya ya kahawa ya London, ile yenye mashine za Kiitaliano na vijana waliokaa humo hadi usiku. Bernard Leach, mzee aliyeheshimiwa kuliko wafinyanzi wote wa Uingereza na aliyeamini katika bakuli tulivu la kahawia kwa mfano wa Japani, aliwapachika jina la dhihaka lililotokana na jina la Picasso. Jina lilidumu. Mwalimu wao wa zama hizo, Dora Billington, aliwatetea kwa maandishi, na historia imempa haki. Viwandani nako, kampuni ya Midwinter huko Stoke-on-Trent ilitoa mwaka 1954 vyombo vilivyoitwa Riviera, vyenye michoro ya msanifu majengo Hugh Casson ya pwani ile ile ya Ufaransa. Mwingereza ambaye hakuwa na nauli ya kwenda Cannes aliweza angalau kunywa chai na meza za mkahawa wa Cannes zikiwa kwenye kikombe chake.

Mfano wa kuenea kwa jina la Picasso unaogusa moyo kuliko yote uko Chartres, mbali na bahari. Raymond Isidore alikuwa mfagiaji wa makaburi. Alikuwa akirudi nyumbani na vipande vya sahani na vikombe vilivyovunjika alivyovikuta mashambani na majalalani, akavibandika kwenye kuta za nyumba yake. Alipomaliza kuta alihamia kwenye samani, kisha uani, kisha kwenye kanisa dogo alilolijenga mwenyewe, mpaka kila kitu kikafunikwa kwa maua, makanisa na nyuso za vigae. Watu walimwita Picassiette. Ndani ya jina hilo mna sahani, assiette kwa Kifaransa, mna mdoezi wa sahani za wenzake, na mna Picasso. Fikiria jinsi jina la mchoraji lilivyokuwa limezama kwa watu, hata majirani wa mfagiaji wakalitumia kumtania. Isidore alifariki mwaka 1964, na mwaka 1983 serikali iliitangaza nyumba yake kuwa jengo la kihistoria.

Gudulia la Picasso, kwa upande wake, halikuenda kisimani. Nakala zilinunuliwa mapema na wakusanyaji, zikapanda bei, zikafungiwa kwenye makabati ya kioo. Picasso alifariki Mougins mwezi Aprili 1973. Mwezi Juni 2012 akiba ya familia ya Ramié ilinadiwa Christie's, London, kwa jumla ya zaidi ya pauni milioni 8. Mwaka mmoja baadaye mtungi mmoja mkubwa wa mwaka 1950, wenye wanawake waliojitanda, uliuzwa hapo hapo kwa pauni zinazokaribia milioni moja. Hakuna mwenye chombo kama hicho atakayethubutu kukitia maji, sembuse kula samaki juu yake. Ahadi aliyoitoa Picasso kwa watu wa kawaida ilitimizwa na waigaji wake, kwa mafahali wao waliovimba na njiwa wao wa bei ya mchana mmoja ufukweni, na kwa kazi hiyo wanastahili shukrani badala ya kebehi.

Ukikutana siku moja na nakala ya mojawapo ya aina hizo 633, ndani ya jumba la makumbusho au kwenye kabati la mtu, omba uigeuze. Chini yake utakuta, pamoja na alama nyingine, jina la Madoura na jina la Picasso. Jina la Jules Agard halimo.